Motokari ya Kuomba Moto kwa Majirani



Mwezi huu ninaacha kwanza maneno ya bomba ya maji tuliyoanza, kwa sababu barua tatu zimenifikia, na zote tatu zinauliza neno moja. Ya kwanza ni ya shofere wa taksi wa Likasi. Ya pili ni ya mwalimu wa Bukama. Ya tatu ni ya kijana wa Kolwezi ambaye amenunua motokari ya kwanza katika maisha yake, na ninasikia furaha yake na masikitiko yake katika barua moja. Wanasema: asubuhi motokari inakataa kuwaka. Wanaleta motokari ingine, wanafunga kabo mbili, inawaka mara moja. Kesho yake, vilevile. Wanauliza: je, tununue batri mupya?

Ninawajibu: musinunue kitu bado. Mungoje musome ukurasa huu mpaka mwisho. Neno hili lilitupata sisi hapa Kabongo, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kujibu vibaya.

Motokari ya kanisa letu ni Land Cruiser ya mazuti, ya volti 12, ya zamani sana. Rangi yake siku hizi hata sisi hatujui kuiita jina gani. Katika mwezi wa 6, wakati wa baridi, ilianza kunisumbua asubuhi. Nikizungusha ufunguo inasema tek-tek-tek, ao motere inazunguka pole pole kama mutu aliyetoka kitandani na homa, kiisha inanyamaza. Jirani yangu, mufanya biashara, alikuwa na pikapu. Nilikuwa ninatuma mutoto kwake: "Enda uombe moto." Alikuja, tukafunga kabo, motere ikawaka hapohapo. Tulifanya vile majuma matatu. Ikawa desturi, sawa vile mwanamuke anavyotuma mutoto kwa jirani kuomba kaa la moto asubuhi ili apikie uji. Lakini mwenye kuomba kaa kila siku, siku moja watu watamuuliza: mama, jiko lako liko na nini?

Jirani akaniambia, "Pasta, batri yako imekufa. Nunua ingine." Niliamini. Nilisimama mbele ya kanisa siku ya Mungu, nikasema batri imekufa, na watu wakatoa. Wengine walitoa falanga, wengine mahindi ya kuuza. Tulikusanya dola 130. Tukatuma kijana mumoja mpaka Kamina, akarudi na batri mupya, amevimba mabega kwa kuibeba. Tukaifunga. Majuma mawili motokari iliwaka kama mupya. Mimi nikajisifu kidogo.

Halafu, siku moja ya tano, karibu saa tano ya usiku, watu walipiga hodi. Walikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa tangu siku mbili, na njia ya kumufikisha hospitali ilikuwa ndefu kwa miguu. Nilichukua ufunguo nikakimbia. Nikazungusha. Klak. Mara moja tu. Nikazungusha tena. Klak. Jirani na pikapu yake walikuwa wamekwenda Kamina. Tukaita vijana wa korale, wakasukuma, lakini ninyi munaojua muchanga wa Kabongo munajua vile magurudumu yanavyozama pale; motokari ya uzito ule haiwezi kupata mwendo. Pa mwisho walimulaza mama juu ya kinga, na ubao nyuma, na wanaume wanne wakaisukuma usiku ule mpaka hospitali. Mama aliishi. Mutoto, hapana. Muganga hakusema kama saa zile zingebadilisha kitu. Mimi sikumuuliza.

Siku ya pili ya juma lililofuata, alikuja kwangu muzee mumoja aliyetumika miaka mingi kwa reli, kwa masini za dizeli zinazopita kwa njia ile ya Kamina na Kabalo iliyounganishwa mwaka wa 1956. Hakuleta masini ya kupimia. Alileta lampi ndogo ya nyuma ya motokari, yenye waya mbili, na kle ya 10. Aliniambia niwashe fari. Nikawasha. "Sasa zungusha ufunguo." Klak. Fari zilififia kidogo tu.

"Pasta," akasema, "unaona? Batri iko na nguvu. Ni nguvu haifiki."

"Lakini Tata, tukipewa moto na jirani, inawaka mara moja."

"Kabo ile nyeusi munaifunga wapi?"

"Kwa chuma ya motere. Ni vile walinifundisha."

Akacheka kidogo, si kwa kunizarau. "Basi moto ya jirani haikupita mu waya yako. Ilizunguka. Ile batri yenu ya kwanza haikukufa, Pasta. Njia ndiyo ilikufa."

Ninyi wasomaji, mukae hapa kidogo, kwa sababu neno lote la mwezi huu liko hapa. Umeme unatoka upande wa + wa batri kwa waya nyekundu nene, unaenda mpaka demarere (ile masini inayozungusha motere), unafanya kazi, kiisha inafaa urudi nyumbani kwa batri upande wa −. Kama haupati njia ya kurudi, hauendi. Njia ya kurudi ni ile waya nyeusi inayofungwa kwa chuma ya motere. Makanika wanaiita masi. Watu wote wanaangalia waya nyekundu. Nyeusi inasahauliwa chini kule, ndani ya mafuta na matope, na mwisho wake unaota kutu ya kijani. Lampi ya ndani inaomba umeme kidogo sana na iko na waya yake ingine ya kurudi, kwa hiyo inawaka vizuri na inakudanganya. Demarere ya motere ya mazuti inaomba ampere 200, 300, na hata zaidi. Ni kama kanisa lote kutoka kwa wakati mumoja kupitia mulango wa choo.

Wakati jirani alikuwa anafunga kabo yake nyeusi kwa chuma ya motere, alikuwa anatufungulia mulango mwingine wa kurudi. Kwa hiyo motokari iliwaka. Yaani kuomba moto kulikuwa kunatuambia ugonjwa uko wapi, asubuhi kwa asubuhi, majuma matatu, na sisi tulisikia tu "batri, batri". Na si hii tu. Alternatere, ile masini inayojaza batri wakati wa kutembea, inarudisha umeme wake kwa njia ileile ya masi. Njia ikiwa imeoza, batri haijai. Kwa hiyo batri mupya pia ilianza kulegea. Iliwaka majuma mawili kwa sababu ilikuja imejaa, na kwa sababu yule aliyeifunga alitikisa waya kidogo.

Muzee aliniambia nizungushe ufunguo mara nyingi, huku yeye akishika waya kwa mukono fasi kwa fasi. Pa mwisho wa waya nyeusi, kwenye motere, akaniita: "Shika." Ilikuwa moto kama sufuria. Waya nzuri haipati moto namna ile. Tukafungua bulo, chini yake kutu tupu. Akakata mwisho uliooza, akafunga kose mupya, akasugua chuma ya motere mpaka ikangaa, akakaza, akapaka grisi juu. Kazi ya nusu saa. Motere ikawaka kwa mara ya kwanza.

Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama tena mbele ya watu walewale na kuwaambia batri ile ya kwanza haikuwa imekufa, na kwamba ni mimi niliyewaambia vile pasipo kupima. Mama mumoja wa nyuma aliuliza kwa sauti kama mahindi yake yatarudi. Alikuwa na haki.

Basi turudi kwa barua zenu. Kuomba moto ni sawa na dawa ya kutuliza maumivu ya tumbo. Haiseme tumbo liko na nini. Kuna magonjwa kama manne ao matano yanayofanana sana asubuhi, na inafaa kuyatenga.

Kwanza usikilize. Kama motere inazunguka mbiombio, kwa nguvu, lakini haishiki, acha maneno ya batri kabisa. Tafuta kwa mazuti, kwa filtre, kwa buji za kupasha moto kama ni dizeli, kwa buji za cheche kama ni ya esansi. Moto ya jirani haitakusaidia. Kama inasema tek-tek-tek mbiombio na fari zinafifia mpaka karibu kuzimika, batri haina nguvu, ao kose zake za juu zimelegea ama zimekula kutu. Kama fari zinabaki na nguvu na unasikia klak moja, ama husikii kitu, angalia waya ya masi kama yetu, demarere yenyewe, waya ndogo inayoipa amri, ao kontakte ya ufunguo. Mwalimu wa Bukama anaandika kwamba yeye anasikia klak na fari zinabaki nzuri. Mwalimu, wewe na mimi tulikuwa na ugonjwa mumoja. Anza kwa waya nyeusi.

Tena, usiamini kose kwa sababu zinaonekana zimekazwa. Zifungue, kwanza upande wa −, uzisugue ndani na nje mpaka zingae. Ule unga mweupe ao wa kijani unaondoka kwa maji ya moto yenye bikarbonati kidogo, ile ya kuvimbisha keki. Usiache maji yale yaingie ndani ya batri. Unapofunga, ule wa − unakuwa wa mwisho.

Sasa, multimetri. Ile ndogo ya manjano inayouzwa sokoni, bei yake ni dola chache, na ninaona kila korale yenye gitari ya umeme inafaa iwe nayo moja. Uiweke kwa volti, upande wa umeme wa batri. Pima asubuhi, motokari ikiwa imelala usiku wote. Volti 12.6 na zaidi: batri imejaa. 12.4: robo tatu. 12.2: nusu. 12.0 na chini yake: karibu tupu. Kiisha mutu azungushe ufunguo na wewe uangalie: volti ikianguka chini ya 9.6 wakati batri ilikuwa imejaa, batri imezeeka. Motere ikiisha kuwaka, inafaa uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ukiona 12 na kitu, na inashuka, alternatere haijazi. Angalia kwanza kuruwa kama imelegea, kabla ya kufungua kitu kingine. Ukiona zaidi ya 15, regulatere imeharibika, nayo itapikia batri yako maji mpaka ikauke.

Na kwa ile masi: gusa sindano moja kwa kichwa cha − cha batri, ingine kwa chuma safi ya motere, mutu azungushe ufunguo. Ukiona zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi imeoza. Sisi tungepima hivi siku ya kwanza, tungetumia dakika mbili.

Nikumbushe kitu kimoja ambacho wamakanika wengi wa balabala wanapenda kufanya. Motere ikiwa inanguruma, wanatoa kose ya batri ili "waone kama alternatere inatumika". Musikubali! Kwa motokari za leo jambo lile linaweza kuchoma alternatere na vitu vingine vya umeme kwa nukta moja, na wewe uliyekuja na ugonjwa mumoja utarudi nyumbani na mawili.

Shofere wa Likasi anaandika neno tofauti. Yeye akitembea kila siku motokari inawaka vizuri, lakini akiilaza siku tatu, inaomba moto. Baba, kuna kitu kinachokunywa batri yako usiku. Fanya hesabu. Lampi ndogo ya wati 5 inakula karibu ampere 0.4. Batri ya ampere-saa 70 itaimaliza kwa saa 175, yaani siku 7 na kidogo, lakini itakataa kuwasha motere mbele sana ya pale. Inaweza kuwa lampi ya kofre isiyozimika, redio iliyofungwa vibaya, alarme ya kununua sokoni. Zima vitu vyote, funga milango, toa kose ya −, kiisha weka ile lampi ndogo ya waya mbili kati ya kose na kichwa cha batri. Lampi ikiwaka, hata kidogo, mwizi yuko ndani. Toa fizible moja moja. Ile unayoitoa na lampi ikazimika, umemupata. Lakini mwizi mudogo sana lampi haimuoni. Mwenye multimetri aiweke kwa ampere 10 kwa fasi ile ya lampi, angoje motokari itulie: zaidi ya 0.05 ni nyingi. Usijaribu kuwasha motere wakati multimetri iko pale, utaiunguza.

Na huku kwetu mwizi huyu mara mingi ni sisi wenyewe. Nilipokuwa ninafuata habari ya batri yetu mupya, nikagundua kwamba vijana wa korale walikuwa wanaifungua siku ya posho, wanaipeleka kwa mukesha, inapiga bafle na sinte mpaka mapambazuko, kiisha wanairudisha ndani ya motokari pasipo kusema. Niliwaita. Mumoja akanijibu kwa heshima yote, "Pasta, ile ya zamani ilikuwa inachoka saa nane ya usiku. Hii ya kanisa iko na nguvu." Nilishindwa kukasirika.

Lakini mujue: batri ya motokari haikutengenezwa kwa kazi ile. Ndani yake kuna bati nyembamba nyingi za risasi, ili itoe nguvu kubwa kwa nukta chache, kiisha ijazwe tena mara moja. Ukiimaliza mpaka chini mara kwa mara kwa lampi za nyumba, televizio na simu za jirani, bati zile zinashika ugumu mweupe na zinavunjika, na hakuna dawa inayozirudisha. Zile za pano ya jua ziko na bati nene, zinavumilia zaidi. Basi korale yetu sasa inatumia ile batri ya kwanza, tuliyoiita mufu, pamoja na pano ya wati 50 na regulatere yake. Pano ile kwa jua nzuri inarudisha ampere-saa 15 hivi kwa siku, kwa hiyo batri iliyo tupu inaomba siku tano kujaa. Mwenye kutembea dakika kumi ndani ya muji nyuma ya kuomba moto na kufikiri batri imejaa, anajidanganya vilevile.

Juu ya kuomba moto kwenyewe, maana siku ingine utahitaji. Batri inapojazwa inatoa hewa inayoshika moto kwa cheche moja. Nimeona kijana mumoja aliyepasukiwa na batri. Jicho moja halioni tena. Basi musivute sigara karibu, musiangalie ndani kwa kiberiti. Kabo nyekundu kwanza kwa + ya batri iliyolegea, mwisho wake kwa + ya batri nzima. Nyeusi kwa − ya batri nzima, na mwisho wake wa nyuma kabisa kwa chuma safi ya motere ya ile yenye ugonjwa, mbali na batri, ili cheche itokee kule. Acha motokari nzima ingurume dakika tano ao kumi, kiisha jaribu. Ikiwaka, toa kwa kurudi nyuma: ile ya mwisho inatoka ya kwanza. Kabo iwe nene kama kidole. Waya ya nyumba itayeyuka mikononi mwako. Na musichukue moto kwa kamyo ya volti 24 kwa batri zake mbili zikiwa zimeungana. Muombe shofere afungue waya za batri moja, na mutumie ile peke yake. Kama asidi imekurukia jicho, ni maji safi mengi, robo saa nzima pasipo kuacha, kiisha hospitali.

Kusukuma pia ni njia, kwa motokari ya vitesi vya mukono: tia ya pili, achilia ambreaji kwa kushtua wakati kuna mwendo. Ile ya otomatiki hapana, musijichoshe. Na musilaze motokari fasi ya muchanga kama muna mashaka nayo. Yetu tangu ule usiku inalala juu ya kamulima nyuma ya kanisa, na pua yake inaangalia chini.

Maji ya batri: kinachopotea ni maji, si asidi. Usiongeze asidi. Tia maji yaliyosafishwa ya batri mpaka yapite juu ya bati kama sentimetri moja. Maji ya kisima, ya bomba, ao yale ya mufuko ya kunywa, yana chumvi zinazoua batri. Kama hakuna kabisa, afazali maji ya mvua yaliyokingwa kwa beseni safi ya plastiki fasi ya wazi, si yale ya kutoka juu ya mabati.

Shofere wa Likasi ameongeza swali pa mwisho wa barua: jirani yake anataka kumununulia batri zilizokufa ili ayeyushe risasi kwenye uwanja wa nyumba. Baba, hapa ninasema kwa ukali. Risasi ni sumu, na inapenda watoto. Vumbi lake linaingia kwa mikono yao, kwa bukari yao, na halitoki katika akili zao. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegali, watu walikuwa wanachekecha udongo wenye risasi ya batri za zamani ili wauze. Kati ya mwezi wa 11 mwaka wa 2007 na mwezi wa 3 mwaka wa 2008, watoto 18 walikufa. Kule Mombasa, katika mutaa wa Owino Uhuru, kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha batri katikati ya nyumba za watu. Watu walishitaki, na mwaka wa 2020 tribinali iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, maneno yalipanda mpaka kwa Mahakama ya Juu, ambayo ilishika uamuzi ule mwaka wa 2024. Hakuna falanga za kuwarudishia watoto damu safi. Usimuuzie. Batri iliyokufa iweke imesimama, imefunikwa, fasi watoto hawafiki, na umurudishie mwenye duka unapochukua mupya. Kwa miji mikubwa kuna wauzaji wanaozichukua na kukupunguzia bei.

Wewe kijana wa Kolwezi, barua yako haisemi unasikia sauti gani. Unaandika tu "inakataa". Na unauliza kwa mucheko kwa nini wewe unayechimba kobalti ya batri za motokari za umeme za Ulaya unasumbuliwa na batri ya risasi, kitu ambacho Mufaransa Gaston Planté alikitengeneza mwaka wa 1859. Ndugu yangu, hata zile za umeme mingi bado ziko na batri ndogo ya volti 12 pembeni, na ikifa, motokari ya bei kubwa inasimama kama ya kwangu. Fanya hivi: asubuhi, mbele ya kuomba moto, pima volti na uandike. Washa fari, zungusha ufunguo, uandike fari zimefanya nini na sauti gani umesikia. Kiisha motere ikiwaka, pima tena. Unitumie namba zile tatu. Na kama umeisha kulipia batri mupya, muambie mwenye duka aipime mbele yako: ikiwa chini ya 12.5, imelala dukani siku mingi, muache nayo.

Mwezi ujao ninarudi kwa bomba ya maji, pale tulipoachia, kwa ule mupira wa ndani unaopasuka.